Kabla hujatuma pesa China: hesabu ya ushuru tunavyoipiga Ngamiani

Wateja wangu wana swali moja lisilokwisha. Anafungua simu, ananionyesha gauni la mtoto lenye mkanda wa shanga, limeandikwa dola 4. Kisha ananyoosha kidole kwenye gauni la namna ile ile lililotundikwa mlangoni kwangu kwa shilingi 28,000. "Mama, dola 4 ni kama elfu 10. Hii elfu 18 nyingine ni ya nini?"

Ni swali la haki. Mtu anayenunua nguo ya Idi ya mwanawe kwa pesa za kudunduliza anastahili kujibiwa kwa tarakimu, asiambiwe tu kwamba maisha yamepanda. Nina duka la nguo za watoto na vyombo hapa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Mzigo mwingine naagiza China, mwingine naufuata Kariakoo, na kidogo kinatoka Mombasa. Hesabu ninayoiandika hapa ndiyo ninayoipiga kwenye daftari kabla pesa haijatoka, na ndiyo ninayowapigia wenzangu wa kikoba tunapotaka kuagiza pamoja. Chukua kalamu, maana hesabu hii haikai kichwani mpaka uipige kwa mkono wako.

Anza na thamani ya forodha

Ushuru hautozwi kwenye ile bei ya simu. Unatozwa kwenye thamani ya forodha, yaani bei ya bidhaa, ukijumlisha bima, ukijumlisha nauli ya meli mpaka bandarini kwetu. Kwenye karatasi za mawakala utaiona imeandikwa CIF. Kwa hiyo nauli nayo inatozwa ushuru. Wengi hawalijui hili, wanachukua asilimia na kuizidisha kwa bei ya gauni peke yake, mzigo ukifika wanaona wameibiwa.

Juu ya thamani hiyo unakuja ushuru wa forodha wenyewe, kwa asilimia ya kundi ambalo bidhaa yako imo. Makundi nitayaeleza. Ukishaujumlisha ushuru, ndipo inakuja VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, nayo inapigwa kwenye jumla yote pamoja na ule ushuru. Maana yake unalipa kodi juu ya kodi. Hapo katikati kuna tozo ndogo ndogo, kama ile ya maendeleo ya reli iliyoanza mwaka 2015 ikiwa asilimia 1.5, na ada ya forodha ya kushughulikia mzigo. Hizi hubadilika, kwa hiyo mimi huziwekea akiba ya asilimia chache pembeni na kumwuliza wakala kiwango cha mwaka huo.

Tuchukue magauni 20 ya dola 4. Kwa urahisi wa hesabu, dola tuiweke shilingi 2,500. Bei ni 200,000. Nauli na bima tuseme 50,000. Thamani ya forodha ni 250,000.

Nguo zilizoshonwa ziko kwenye kundi la asilimia 35. Ushuru: 87,500. Jumla imefika 337,500. VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo ni 60,750. Sasa uko kwenye 398,250, bila zile tozo ndogo, bila malipo ya wakala, bila nauli ya kutoa mzigo Dar es Salaam kuuleta Tanga. Ukigawa kwa 20, kila gauni limekwisha kukugharimu karibu shilingi 19,900 likiwa bado bandarini. Lilinunuliwa kwa 10,000. Weka wakala, weka basi, weka kodi ya pango, weka magauni mawili yaliyofika na zipu mbovu, na faida ya mwenye duka, utaifikia ile 28,000 bila mtu yeyote kukudhulumu.

Kuna njia ya mkato ninayowafundisha wanakikoba wasiopenda hesabu ndefu. Chukua thamani ya forodha, uizidishe hivi: bidhaa ya asilimia 35 zidisha kwa 1.6, ya asilimia 25 zidisha kwa 1.48, ya asilimia 10 zidisha kwa 1.3, na ya asilimia sifuri zidisha kwa 1.18. Jibu utakalopata lina ushuru na VAT ndani yake. Kwa mzigo ule ule wa 250,000 unaona tofauti papo hapo: ukiwa kundi la 35 unafika kama 400,000, ukiwa kundi la 25 unafika kama 370,000, na ukiwa kundi la sifuri unabaki 295,000. Laki nzima na ushei imetokana na jina la kundi tu, wakati bei ya China ni ile ile na nauli ni ile ile.

Bidhaa yako iko kundi gani

Sisi Tanzania hatujipangii ushuru wa forodha peke yetu. Tangu 1 Januari 2005, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza, nchi wanachama zinatumia kitabu kimoja cha viwango kwa mali inayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi makundi yalikuwa matatu: sifuri kwa malighafi na mitambo, 10 kwa vitu ambavyo havijakamilika, na 25 kwa bidhaa iliyo tayari kwa matumizi. Tarehe 1 Julai 2022 likaongezwa kundi la nne, la asilimia 35, kwa vitu ambavyo viwanda na mafundi wa Jumuiya wanaweza kuvitengeneza wenyewe. Humo mna nguo, samani, bidhaa za ngozi, vyombo vya kauri, mafuta ya kula, bidhaa za chuma na vinginevyo. Ukitazama vizuri, hayo ndiyo mahitaji ya nyumba ya mtu wa kawaida: shuka, viatu, sahani, kabati. Ndiyo maana sisi wanunuzi wadogo tuliyahisi mabadiliko yale kuliko mtu anayeagiza mashine.

Juu ya makundi hayo manne ipo orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Khanga, kikoi na kitenge vya pamba viko asilimia 50. Mchele asilimia 75. Sukari asilimia 100. Upande wa pili kuna vitu ambavyo watu huviogopa bure. Kompyuta kwenye kitabu hiki iko asilimia sifuri. Binti wa jirani yangu alikuwa anataka kuacha kuagiza kompyuta ndogo ya chuo kwa sababu ameambiwa "vitu vya umeme vina ushuru mkubwa". Tulipokaa na kitabu tukaona kuwa ushuru wa forodha hana, anachopaswa kujiandaa nacho ni VAT na tozo.

Unajuaje kundi la bidhaa yako? Mwombe muuzaji wa China akupe namba ya HS, ile namba ya forodha inayotambulisha aina ya bidhaa. Kila muuzaji mzoefu anayo, maana na yeye anaitumia kusafirishia. Tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile dunia nzima, na Jumuiya yetu inaongeza mbili mwishoni. Ukiwa na zile 6, fungua kitabu cha viwango cha Jumuiya, kipo kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato, au nenda nazo ofisi ya TRA hapa mjini uulize. Fulana, kwa mfano, huanza na 6109. Mitumba ni 6309. Kwenda na namba ni tofauti kabisa na kwenda kuuliza "ushuru wa nguo ni ngapi?" Ukiwa na namba unapata jibu la mzigo wako wewe.

Halafu angalia tarehe ya kitabu unachosoma. Kila mwaka bajeti husomwa Juni, na viwango vipya huanza Julai. Nchi moja moja huombewa ruhusa ya kutoza tofauti na kitabu kwa mwaka mmoja, na ruhusa hizo hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Mzigo unaoagizwa Mei unaweza kufika Julai ukakuta kiwango kingine. Mimi mizigo ya kati ya Mei na Agosti naiwekea akiba kubwa zaidi, au nasubiri bajeti isomwe kwanza.

Dola nayo usiisahau. Mwaka 2024 ilipopanda ikavuka shilingi 2,600, ushuru wetu kwa shilingi ulipanda nayo ingawa hakuna asilimia hata moja iliyoguswa, kwa sababu asilimia inapigwa kwenye thamani iliyobadilishwa kuwa shilingi. Kwenye daftari piga hesabu mara mbili, kwa dola ya leo na kwa dola iliyopanda shilingi 100. Kama ya pili inakutia hasara, mzigo huo acha.

Kwa ndege au kwa meli

Kwa nguo nzito na vyombo, meli haina mpinzani. Lakini kwa vitu vyepesi vya bei kubwa kuna jambo zuri ndani ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004: mzigo ukija kwa ndege, nauli ya ndege haijumlishwi kwenye thamani ya forodha. Nauli ya ndege ni kubwa, ni kweli, ila haikuzalii ushuru wa forodha. Kwa saa, hereni, vifuniko vya simu, kaa upige hesabu zote mbili kabla hujakata shauri.

Mizigo ya kuchanganya

Sasa niseme lile ambalo wengi wenu mnalifanya. Hujawahi kumwona wakala wa forodha, hujui namba ya HS, na mzigo wako unafika. Unampa mwenye kampuni ya mizigo, anaujaza kwenye kontena moja na mizigo ya watu wengine, anakutoza kwa mita ya ujazo, wenyewe wanaita CBM, na anakwambia kila kitu kimo ndani.

Namna ya kuipiga: pima boksi kwa mita, urefu mara upana mara kimo. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni 0.12. Kama anatoza, tuseme, dola 400 kwa CBM, boksi lako ni dola 48, yaani shilingi 120,000. Yale magauni 20 yaliyonunuliwa 200,000 yanakufikia kwa 320,000. Kwa njia ya halali ya peke yako yalikuwa 398,250 kabla hata ya wakala. Unaona mwenyewe kwa nini watu wanaikimbilia.

Lakini tazama kinachotokea. Bei ya ujazo haijali kundi la ushuru. Mwenye kompyuta ya asilimia sifuri na mwenye magauni ya asilimia 35 wanalipa sawa kwa nafasi ile ile. Kwa hiyo ukiweka humo kitu chenye ushuru mdogo unawalipia wenzako. Vivyo hivyo vitu vyepesi vinavyojaza nafasi, mito, midoli, madumu ya plastiki, vinakula pesa kuliko thamani yake. Na ukiweka kitu cha ushuru mkubwa na bei ikatoka ndogo kuliko ushuru wenyewe, jiulize ni nani alilipa tofauti. Mara nyingi hakuna aliyelipa. Kontena limeandikwa vitu vingine, au thamani imeshushwa. Likikamatwa, boksi lako la kihalali limo ndani pamoja na la mtu usiyemjua, na huna karatasi hata moja yenye jina lako.

Karatasi ndiyo hoja yangu kubwa hapa. Kama unaagiza vazi lako moja, unaweza kuishi bila karatasi. Kama unauza, siku moja utaulizwa mali hii iliingiaje nchini. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kupinga namna walivyokuwa wakibanwa na watoza kodi, mpaka aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akaenda kukutana nao. Nilikuwa upande wa wenzangu, na bado nasema mama mwenye maboksi mawili asifukuzwe kama jambazi. Lakini namwambia mama huyo huyo: idai kampuni ya mizigo nakala ya nyaraka za forodha na risiti kabla hujawapa boksi. Wapo wanaotoa. Anayekataa usimpe.

Njia tunayoitumia sisi kwenye kikoba ni ya katikati. Tunakusanya oda za watu kadhaa zikawa mzigo mmoja wenye ankara moja iliyoandika kila kitu kwa jina lake, tunamwajiri wakala mmoja mwenye leseni, na malipo yake tunagawana. Wakala ndiye anayemwua mtu wa mzigo mdogo, kwa sababu ada yake karibu ni ile ile uwe na boksi 1 au 10. Mkiwa wengi inakuwa nyepesi. Ushuru kila mtu analipa kwa thamani ya vitu vyake, na hapo ndipo lazima pawe na daftari la wazi, la sivyo mwenye sahani atalipia nguo za mwenzie na urafiki utaishia hapo.

Habari za Mombasa

Watu wa Tanga tuna mpaka kama kilomita 65 tu kutoka mjini, na kuna imani imeenea kwamba kitu cha Mombasa hakina ushuru kwa kuwa Kenya ni Jumuiya. Imani hii ni nusu kweli, na ile nusu nyingine imewatia watu wengi hasara pale mpakani Horohoro.

Kisicho na ushuru wa forodha ni kitu kilichotengenezwa ndani ya Jumuiya. Ukinunua bidhaa ya kiwanda cha Kenya, unahitaji cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa mfanyabiashara mdogo mambo yamerahisishwa: mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unajaziwa cheti chepesi pale pale mpakani. Dai cheti hicho, ni haki yako, na usikubali kuambiwa utoe kitu kidogo ili upite haraka. VAT bado inaweza kukufuata, kwa hiyo uliza mapema.

Lakini leso iliyochapwa India ikauzwa Mombasa haigeuki kuwa ya Kenya. Viatu vya China vilivyolala ghalani Mombasa ni vya China. Hivyo utavilipia Horohoro kama vile umevitoa China moja kwa moja, na umeshamlipa mwenye duka wa Mombasa faida yake. Kabla hujanunua, geuza kitu usome kimetengenezwa wapi. Kama hakijaandikwa, chukulia ni cha nje ya Jumuiya na uzidishe kwa 1.6.

Mzigo wa Unguja nao una mambo yake: ukiuvusha kuja Bara forodha hukagua thamani na inaweza kukudai tofauti ya kodi. Tunza karatasi za kule.

Mitumba

Wanunuzi wa mitumba wanadhani ushuru hauwahusu kwa sababu wananunua rundoni, kwa bei ya kupatana. Unawahusu sana. Mwaka 2016 ushuru wa nguo kuukuu katika Jumuiya ulipandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi senti 40, au asilimia 35 ya thamani, kipi kikubwa. Maneno hayo "kipi kikubwa" ndiyo yenye uzito. Belo la kilo 45 likitozwa senti 40 kwa kilo linalipa angalau dola 18, yaani 45,000 kwa hesabu yetu, kabla ya VAT. Belo zuri na belo baya, mzani hauyatofautishi. Belo la bei kubwa halivuki ile asilimia 35 ya thamani yake. Belo la hali ya chini, lile ambalo fulana zake zinauzwa mia tano mia tano, ndilo linalolemewa. Mtu maskini zaidi sokoni ndiye anayebeba sehemu kubwa zaidi ya kodi kwa kila shilingi anayotumia, na mimi hili naliona halijakaa sawa.

Mwaka huo huo wa 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuiondoa mitumba kabisa ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia, na 2018 nguo za Rwanda zikasimamishiwa nafuu hiyo. Ukimwona mama wa mitumba pale Mgandini anapanga bei, jua kuna mazungumzo ya mbali sana yanayoingia ndani ya ile bei.

Na wenye ndugu Marekani wanaouliza kwa nini na kule watu wanalalamikia ushuru wa vifurushi: walikuwa na msamaha wa vifurushi vya hadi dola 800 kuingia bila ushuru. Ukafutwa kwa mizigo ya China tarehe 2 Mei 2025, kisha kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Ulaya iliondoa msamaha wake wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tangu 1 Julai 2021.

Njia ambazo siwezi kukushauri

Muuzaji wa China atakuuliza kama ungependa aandike bei ndogo kwenye ankara, au aandike "zawadi". Kataa. Forodha hailazimiki kuikubali bei iliyoandikwa. Wana njia nyingine za kuthamini, wakilinganisha na mizigo kama hiyo iliyokwisha kupita, na wakikataa bei yako utalipa kwa thamani yao pamoja na adhabu.

Ya pili sote tunaijua, pwani yote kuanzia Moa, Kigombe, Pangani, mpaka Saadani na Bagamoyo. Bandari bubu, zile za kushushia mali kwa siri bila forodha. Sukari yenye ushuru wa asilimia 100, khanga za asilimia 50, mafuta ya kula. Sababu inayoviweka vitu hivyo kwenye vyombo vya usiku ni vile vile viwango vya juu vya kitabu. Ushuru ukiwa mkubwa kupita kiasi, kuna mtu atajaribu bahari. Lakini anayekamatwa hupoteza mzigo na chombo pia, na mara nyingi chombo ni cha mzee fulani aliyekodisha ili watoto wale. Na yale mafuta ya kula ya madumu yasiyo na tarehe hayajapita mkononi mwa mkaguzi yeyote. Nina wajukuu, siyaingizi jikoni kwangu.

Hapo hapo niwakumbushe: kulipa ushuru hakumaanishi kitu kimeruhusiwa. Krimu zenye haidrokwinoni au zebaki zimepigwa marufuku, zitakamatwa hata ukiwa na risiti. Vifaa vingi vinahitaji ukaguzi wa TBS, Shirika la Viwango, na dawa ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Simu iliyotumika au ya bei ya ajabu, mwambie muuzaji abonyeze *#06#, ile namba ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uitume kwenda 15090 uone kama ni halisi kabla hujalipa.

Kodi ikipungua, bei haishuki yenyewe

Watu wanangoja bajeti wakiamini kodi ikifutwa asubuhi, jioni dukani bei imeshuka. Kumbuka taulo za kike. Mwaka 2018 Serikali iliziondolea VAT. Mabinti wa shule walifurahi, na mama zao zaidi. Mwaka uliofuata aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, akairudisha kodi hiyo kwa maelezo kwamba bei haikushuka, nafuu ilibaki mikononi mwa wafanyabiashara. Mabinti wakakosa mara mbili. Hili linaniuma mpaka leo, na nalisema mbele ya wenzangu wenye maduka na wenye maghala: nafuu iliyotolewa kwa ajili ya mtoto wa shule siyo faida yako.

Kwa hiyo wewe mnunuzi, ukisikia kodi ya kitu imepungua, andika bei ya wiki hiyo. Rudi baada ya mwezi na nusu, mzigo wa zamani ukiwa umekwisha, uulize. Uliza kwenye maduka matatu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana VAT uliyolipa dukani bila risiti huna hakika kama imefika inakokwenda.

Na linganisha na fundi wa hapa kabla hujaagiza. Kabati na sofa ziko kwenye kundi la 35, zinajaza nafasi, na zikivunjika njiani hakuna wa kumrudishia. Seremala wa Makorora au Mabawa ukimpa mchoro na muda, mara nyingi anakushinda China kwa bei, na mguu ukilegea anakuja na nyundo yake.

Ukiagiza kwa ajili ya Idi au ufunguzi wa shule, toa oda miezi mitatu kabla, kwa kuwa mzigo wa meli ukichelewa kutolewa bandarini gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabika na wateja nao wanaondoka. Kwenye daftari fungua ukurasa mmoja kwa kila mzigo: namba ya HS, bei, nauli, bima, asilimia ya ushuru, VAT, tozo, wakala, usafiri wa kufika Tanga. Chini kabisa andika kiwango cha dola ulichotumia na tarehe, kisha bandika hapo hapo risiti ya malipo ya forodha.